Nani Anampisha Nani? Fidla, Okestra na Ngoma za Simiyu

Muziki uliotangulia mazungumzo haya ulikuwa wa aina mbili. Kwanza ilikuja konseto ya Felix Mendelssohn, Mjerumani, aliyoitunga kwa ajili ya fidla moja na okestra. Kisha ikaja simfoni ya tisa ya Antonín Dvořák, mwenyeji wa Bohemia, nchi ambayo leo imo ndani ya Jamhuri ya Cheki. Zote mbili ni kazi za karne ya 19, za zama ambazo wanamuziki wa Ulaya huziita za Kiromantiki. Zimekula zaidi ya saa nzima ya hewani, hakuna aliyeimba neno hata moja, na swali najua lipo: Simiyu, mkoa wa pamba, ina shughuli gani na fidla ya Ulaya?

Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba sikio la Msukuma limefundwa kwa muziki huu kuliko mwenyewe anavyodhani. Limekulia uwanjani, mahali ambapo mtu mmoja husimama mbele ya wengi, na wale wengi wanajua lini wavume na lini wampishe. Konseto ni mchezo huohuo. Na ndani yake mna jambo ambalo viwanja vyetu vya siku hizi vimeanza kulisahau, nitalifikia.

Tuanzie nyumbani. Usukumani, pamba ikishavunwa na mtama ukishaingia ghalani, kati ya mwezi wa sita na wa nane, huja msimu wa mashindano ya ngoma. Kila mtu hapa anajua pande mbili, Wagika na Wagalu. Simulizi za wazee zinawataja waasisi wawili wa karne ya 19: Ngika kwa Wagika, na Gumha kwa Wagalu. Ushindani wao ulikuwa wa ngoma na wa dawa pia, na kila kundi la leo linajihesabu kwenye ukoo wa mmoja kati ya hao wawili. Wapo wanaocheza na majembe, wakiyarusha juu na kuyadaka bila kupoteza pigo. Wapo wanaoingia na chatu mzima mabegani. Wapo waliorithi ngoma za wawinda nungunungu.

Utaratibu wa kuhukumu ndio unaonivutia zaidi. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na uwanja wake, jirani kwa jirani. Hakuna jopo la majaji mezani, hakuna alama za kujaza kwenye karatasi. Jaji ni miguu ya watu. Umati ukianza kuteremka kutoka upande huu kwenda upande ule, kila mchezaji anaona kwa macho yake kwamba anashindwa, na hukumu inaendelea kutolewa mpaka jua linazama.

Ndiyo maana kukawa na samba, dawa ya mvuto. Kundi linalowavuta watu wote upande wake, watu husema lina samba kali. Kiongozi akiimba vizuri kupita kiasi, husemwa amekwenda kwa mganga. Sitaingia kwenye ubishi wa kama dawa hiyo inafanya kazi au haifanyi. Ninachotaka ukione ni jinsi umati unavyofikiri: ukikutana na ustadi unaoupita ufahamu wake, huutafutia chanzo nje ya mtu.

Wazungu nao walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1782 alizaliwa Genoa, Italia, kijana anayeitwa Niccolò Paganini. Kuanzia mwaka 1828 alizunguka Ulaya na fidla yake, Vienna, miji ya Ujerumani, Paris, London, na watu walilipa fedha nyingi kumwona. Alikuwa mwembamba, na vidole vyake vilikuwa na unyumbufu wa ajabu. Alitunga vipande vya kupigwa kwenye uzi mmoja tu wa fidla, ule wa chini kabisa, na akavipiga kana kwamba nyuzi nyingine tatu hazina kazi. Uvumi ukaenea kwamba ameuza roho yake kwa shetani. Ukaenea hata akalazimika kuchapisha barua ya mama yake mzazi, kuthibitisha kwamba amezaliwa na binadamu. Alipofariki Nice mwaka 1840 bila kupata sakramenti za mwisho, askofu alikataa azikwe kwenye ardhi takatifu. Jeneza lake lilihamishwahamishwa kwa miaka, na ilikuwa mwaka 1876 ndipo alipozikwa kwenye makaburi ya Parma.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukisikia mtu anasema kule ni sanaa na huku ni ushirikina, mwambie kuhusu Paganini. Na si yeye peke yake. Konseto ya fidla ya Beethoven ilipigwa kwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 23 Desemba 1806, na fundi aliyeitwa Franz Clement. Katika tamasha hilohilo Clement aliwapigia watu kipande chake mwenyewe kwenye uzi mmoja, fidla ikiwa imepinduliwa juu chini. Hiyo tunaifahamu. Huo ni urushaji wa jembe. Tena konseto yenyewe inaanza na ngoma: mapigo manne ya timpani peke yake, na la tano linaangukia pale vyombo vya kupuliza vinapoingia. Mwaka 1806 watu hawakuzoea okestra kufunguliwa na ngoma namna hiyo. Mpiga ngoma wa Simiyu angeona ni jambo la kawaida tu.

Sasa tuingie kwenye shida yenyewe ambayo konseto inajaribu kuitatua. Fidla ni chombo kidogo. Kiwiliwili chake ni sentimita 35 hivi, mbao zake ni nyembamba, nyuzi nne, na upinde uliofungwa singa za mkia wa farasi. Kilitengenezwa kwa ajili ya chumba, ambako kuta na dari huirudisha sauti kwa msikilizaji. Kiweke katikati ya uwanja wa Nyakabindi hapa Simiyu, pale palipofanyika Nane Nane ya kitaifa kuanzia mwaka 2018, na watu walio upande wa pili hawatajua hata kama kinapigwa. Ngoma zetu zina asili tofauti kabisa. Zilitengenezwa kwa ajili ya nje, kwa mashamba na mbuga, na kijiji kimoja kilijua kwa sauti tu kwamba kijiji jirani kimeanza kucheza.

Halafu huyo mwenye fidla ndogo wanamsimamisha mbele ya watu 50 au 60, pengine 80, wenye tarumbeta, timpani na fidla nyingine nyingi kama yake. Hana kipaza sauti. Anatakiwa asikike mpaka kiti cha mwisho. Inawezekanaje?

Jibu utalipata kwa ningi. Ningi, kwa msikilizaji asiye Msukuma, ndiye mtunzi na mwongoza nyimbo. Jina lake ndilo linalovuta watu uwanjani, na kumbukumbu ya majina ya maningi hukaa vizazi. Mtazame anavyofanya kazi kwenye kundi la kulima, lile la bugobogobo. Vijana wamepangwa mstari, majembe yanapanda na kushuka pamoja, ngoma zinatembea nyuma yao. Ningi akitaka kuingiza ubeti mpya hashindani na ngoma kwa nguvu ya koo. Wapigaji wanashusha mikono. Wachezaji wanabakiza miguu tu, au njuga tu. Ubeti unasemwa wote, kila neno linasikika, kisha kundi zima linaitikia kwa kishindo. Sauti ya mmoja inasikika kwa sababu wengi wameiachia njia. Wapigaji wasiojua kushusha mikono wanaweza kumzima ningi hodari kuliko wote wilayani.

Mtunzi wa konseto anafanya hivyohivyo kwa kalamu. Kila fidla ya mbele inapotakiwa kusema jambo, anawaandikia wale wengine wapunguze, au wapige nota fupi za kudonoa, au wanyamaze kabisa. Fidla akiwa amemaliza anawaachia uwanja na wanavuma. Nguvu ya mpiga fidla unayemsifu, nusu yake imo kwenye mikono ya watu waliokaa nyuma yake.

Nirudi kwa Mendelssohn, kwa sababu yeye alilifanyia jambo hili kazi ya uangalifu mkubwa. Alikuwa kiongozi wa okestra ya Gewandhaus mjini Leipzig tangu mwaka 1835. Mwaka uliofuata akamleta rafiki yake, Ferdinand David, awe mpiga fidla wa kwanza, yaani yule anayekaa kiti cha mbele na kuwaongoza wenzake wa nyuzi. Mwaka 1838 alimwandikia David barua akimwambia anataka kumtungia konseto, na kwamba mwanzo wake umemkaa kichwani haumpi raha. Kazi ikachukua miaka sita, na barua nyingi za kuulizana kati ya mtunzi na mpigaji: hiki kinapigika, hiki kinakaa vizuri mkononi? Ilikamilika Septemba 1844. Machi 13, 1845, ikapigwa Leipzig, David akiwa mbele. Mendelssohn alikuwa mgonjwa, Niels Gade akashika kijiti badala yake.

Angalia hapo: nyota wa siku ile hakuletwa kutoka mbali. Alikuwa mtu wa mstari uleule, aliyeinuka kwenye kiti chake cha kila siku na kusimama mbele ya wenzake. Maningi wengi nao ndivyo walivyoanza, jembe mkononi, katikati ya mstari wa vijana wa kijiji.

Sasa kumbuka ulichosikia, au kama uliirekodi kwa simu, irudie kesho ukiwa umetulia. Desturi ya wakati ule ilikuwa okestra ianze kwa maelezo marefu. Kwa Beethoven mwenye fidla husimama takriban dakika tatu kabla hajagusa uzi. Mendelssohn hakusubiri. Okestra inanong'ona kidogo sana, hujamaliza hata kukaa vizuri, na fidla imeshaingia juu kabisa na wimbo wake. Ni kuingia kwa ningi asiyengoja mshereheshaji amtambulishe.

Mbele kidogo linakuja jambo la pili, na ni rahisi kulipita bila kulisikia. Kasi inapungua. Wimbo mwingine unaanza, mtulivu, nao haupigwi na fidla. Unapigwa na klarineti na filimbi, polepole, kwa sauti ya chini. Unajua fidla anafanya nini? Ameshika nota moja tu. Ni ule uzi wa chini kabisa, hajaugusa hata kwa kidole, anauvutia upinde taratibu na kuushikilia chini ya wenzake ili wapate pa kusimama. Mtu aliyelipiwa tiketi, aliyeandikwa jina kwa herufi kubwa kwenye bango, anageuka mwitikiaji. Anayelijua zeze la Wagogo, lile ambalo marehemu Hukwe Zawose alilipeleka duniani kutoka Dodoma na Bagamoyo, anajua thamani ya uzi mmoja ulioshikwa vizuri chini ya sauti.

La tatu ni ile sehemu inayoitwa kadenza. Hapo okestra yote inanyamaza na kumwacha mpiga fidla peke yake. Zamani ilikaa karibu na mwisho, na mpigaji alitunga palepale kuonyesha ubingwa. Mendelssohn aliiandika yote mwenyewe, nota kwa nota, na akaihamishia katikati ya sehemu ya kwanza. Dakika nzima na zaidi hakuna mwingine anayegusa chombo. Fidla inapanda, inashuka, inajiuliza, inajijibu. Mwishoni upinde unaanza kurukaruka juu ya nyuzi zote nne, kwa kasi iliyo sawa. Ungetegemea amalizie kwa kishindo apigiwe makofi. Hamalizii. Upinde bado unarukaruka na okestra inarudi kimya kimya na ule wimbo wa mwanzo, wa fidla mwenyewe! Wimbo wake wameuchukua wenzake, naye anaendelea kuwapigia chini, yeye sasa ndiye ngoma yao. Waliompisha, amewapisha.

Nimesikiliza konseto nyingi za karne ile, na sijui mahali pengine ambapo haki kati ya mmoja na wengi imepangwa vizuri kuliko hapo.

Kuna jambo moja ambalo msikilizaji wetu hulinung'unikia, nalo ni ukimya wa hadhira. Watu wamevaa suti, wamekaa kwenye viti, hawapigi vigelegele, hawatunzi, hawachezi. Anayekohoa anatazamwa. Kwetu mcheza kwao hutunzwa, tena papo hapo, noti inabandikwa kwenye paji la uso. Ukimya ule unaonekana ni baridi, pengine ni majivuno.

Ukweli ni kwamba zamani hata wao hawakuwa hivyo. Katika karne ya 19 watu walipiga makofi katikati ya kazi, kila sehemu ikiisha, na waliweza kudai sehemu irudiwe. Mendelssohn hakupenda, na konseto hii inaonyesha alivyoliwekea dawa. Sehemu ya kwanza inaisha kwa kelele, mikono ya watu inajiandaa, lakini kuna chombo kimoja ambacho hakijanyamaza. Ni basuni, bomba refu la mbao lenye sauti nzito. Limebakiza nota moja kutoka kwenye kelele ile, peke yake, kisha linapanda hatua ndogo, na sehemu ya pili imeshaanza. Huwezi kupiga makofi wakati mtu bado anasema. Ukimya wa kumbi zile ulijengwa polepole, na sababu yake mojawapo ilikuwa hii: sauti ndogo isikike.

Hata hivyo sikubali kwamba wao wamepata na sisi tumekosa. Umati wa Bariadi, hapa Simiyu, una uhuru ambao umati wa Leipzig hauna. Ukichoka na Wagika unahamia kwa Wagalu, na kundi lililokuchosha limeadhibiwa mbele ya macho yako. Kule hukumu ilikabidhiwa kwa waandishi wa magazeti, na magazeti yaliweza kukosea vibaya. Konseto ya fidla ya Tchaikovsky, Mrusi, iliandikwa mwaka 1878. Leopold Auer, fundi mkubwa aliyeandikiwa, hakukubali kuipiga. Ilipopigwa Vienna mwaka 1881 na Adolph Brodsky, mhakiki maarufu Eduard Hanslick aliishambulia gazetini kwa maneno makali mno, akaiona ni ushenzi wa kilevi. Leo ni miongoni mwa konseto zinazopigwa zaidi duniani, na Auer mwenyewe baadaye aliipiga na kuwafundisha wanafunzi wake.

Pengine unasema: sawa, lakini fidla bado ni ya mbali. Si ya mbali hivyo. Vuka maji mpaka Unguja. Kikundi cha Ikhwani Safaa kimekuwapo tangu mwaka 1905, na Culture Musical Club tangu 1958, na katika vikundi vyote viwili fidla hukaa safu nzima, pembeni ya kanuni, udi na akodiani. Anayeisikiliza taarabu asilia anajua jinsi fidla zile zinavyompisha mwimbaji, kisha zikaingia zote kwa pamoja pale anapovuta pumzi. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwanzoni mwa miaka ya 2000, kimefundisha vijana wa Kizanzibari fidla hiyohiyo. Ukienda Nairobi kuna okestra iliyoanza mwaka 1947.

Na kuna Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani wa ndege aliyepoteza kazi, mjukuu wa Simon Kimbangu aliyeanzisha kanisa la Wakimbangu, aliamua kuunda okestra ya simfoni. Hakuwa amesomea muziki huo, na wengi wa waliokuja hawakuwa wameshika fidla maishani. Vyombo havikutosha, wakawa wanapokezana: huyu anafanya mazoezi, anampa mwenzake, mwenzake anampa wa tatu. Uzi ulipokatika walitumia waya wa breki za baiskeli. Msikilizaji wa Simiyu, mkoa ambao baiskeli ndiyo inayobeba maji, mkaa, mgonjwa na bi harusi, hahitaji kuelezwa waya ule ukoje. Okestra ile ilifika mahali pa kupiga simfoni ya tisa ya Beethoven pamoja na kwaya yake, na mwaka 2010 filamu iliyotengenezwa juu yao ikaonyeshwa nchi nyingi. Okestra yao ilisimama kwa sababu watu walikubali kupokezana vitu vichache.

Nimalize na Dvořák, kwa ufupi. Baba yake alikuwa mchinja nyama na mwenye kilabu kijijini. Yeye mwenyewe alianzia kwenye bendi ya kijiji, kisha akakaa miaka kumi hivi kwenye okestra ya ukumbi wa Prague akipiga viola, chombo ambacho mara chache hupewa wimbo. Huyo ni mtunzi aliyeujua umati kwa kukaa ndani yake. Mwaka 1892 aliitwa New York kuongoza chuo cha muziki. Pale alikuwapo mwanafunzi Mweusi, Harry Burleigh, aliyefundishwa nyimbo za watumwa na babu yake, ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa. Burleigh alimwimbia Dvořák nyimbo hizo. Mwaka 1893 Dvořák akatangaza magazetini kwamba muziki wa Marekani utajengwa juu ya nyimbo za Weusi, na wakubwa wengi wakakasirika. Desemba mwaka huohuo simfoni yake ya tisa ikapigwa New York. Ule wimbo wa polepole wa sehemu ya pili, unaopigwa na zumari la sauti ya huzuni, ni wa kutungwa na yeye mwenyewe. Lakini umefanana na nyimbo zile kiasi kwamba wengi hadi leo wanadhani ni wimbo wa watumwa wa kale.

Somo kwetu si kwamba mtu wa ng'ambo aje atuandikie simfoni ya Kisukuma. Frank Gunderson, msomi wa Kimarekani, alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuzichapisha katika kitabu kinene mwaka 2010, na Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora yanatunza historia ya ngoma hizi. Kumbukumbu zipo. Kinachotishiwa ni ule ustadi wa kupisha.

Nitaeleza. Nenda leo kwenye tamasha, harusi au uzinduzi wa msimu wa pamba. Kila upande una jenereta na spika zilizopangwa mpaka juu ya kichwa. Ningi ana kipaza sauti, ngoma zina kipaza sauti, kinanda kina kipaza sauti. Kwa kuwa kila mtu anasikika muda wote, hakuna tena sababu ya kumpisha mtu. Wapigaji hawashushi mikono. Ningi anapiga kelele kuliko uwezo wa koo lake, anayeshika mitambo anaongeza, na upande wa pili nao unaongeza. Miguu ya umati, iliyokuwa jaji, sasa inafuata spika kubwa. Wahenga walishasema ngoma ikivuma sana hupasuka. Maneno ya ningi, ambayo ndiyo yalikuwa hazina, hayasikiki.

Kwa hiyo ninawaomba waandaaji wa mashindano, kuanzia maafisa utamaduni wa halmashauri hadi viongozi wa Wagika na Wagalu: msimu ujao wekeni mzunguko mmoja wa kuzima mitambo. Wimbo mmoja kwa kila kundi, bila spika. Umati usogee karibu, ngoma zishuke, ningi aseme. Haitagharimu shilingi, itapunguza hata mafuta ya jenereta. Kundi litakaloshindwa kusikika litajua tatizo liko kwa nani, na umati utahukumu kwa miguu yake kama siku zote.

Wiki ijayo, saa hizihizi, tutaweka konseto ya fidla ya Johannes Brahms, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Leipzig siku ya mwaka mpya, 1879, na Joseph Joachim. Ikifika sehemu ya pili, mtafute mpiga fidla. Hutamsikia kwanza. Wimbo wote mtamu amepewa obo, chombo cha kupuliza, na mwenye fidla amesimama mbele ya watu bila kupiga. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja mashuhuri wa zama zile, Pablo de Sarasate, alikataa kuipiga kwa sababu hiyohiyo: hakutaka kusimama na fidla mkononi akimsikiliza mwingine. Sikiliza, kisha utuandikie kama alikuwa na haki.